Mbuzi wa Mvua: Wanjiru na Tatizo la Ulinganishi

Ngano ya Wanjiru, iliyochapishwa mwaka 1910 na W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine katika kitabu chao kuhusu Wakikuyu, ina fasiri moja iliyozoeleka mno. Msichana anazama ardhini, mvua inanyesha, kisha anarudi juu. Basi mhakiki humtaja Persephone na kuridhika. Ulinganishi huo una mvuto wake, lakini unaificha kadhia yenyewe.

Katika utenzi wa Kiyunani wa kumtukuza Demeter, binti hutoweka kwanza na njaa hufuata: mama mtu huzuia mbegu zisiote hadi mwanawe arejeshwe. Katika ngano ya Kikuyu mfuatano huo umepinduliwa. Ukame ndio unaotangulia, tena kwa miaka mitatu. Mganga anapiga ramli, anamtaja Wanjiru, na kusema kwamba sharti anunuliwe. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, analeta mbuzi wake, na wazazi wanawapokea. Demeter aligoma, mamake Wanjiru alipokea malipo.

Hapa ndipo penye uzito wa ngano, na ndipo wahakiki wanapopita mbio. Wanjiru anazama kidogo kidogo: magotini, kiunoni, shingoni, na huku akizama anawalaumu watu wake kwamba ndio waliomwangamiza. Kila jamaa anayejongea ili amwokoe hupewa mbuzi, naye hurudi nyuma. Takriri hiyo si mbinu ya kumsaidia fanani kukumbuka tu, kama inavyodaiwa aghalabu kuhusu takriri zote za fasihi simulizi. Inampa kila mmoja zamu yake ya kuuza. Hakuna mungu wa kuzimu wa kubebeshwa lawama. Walionunua wanajulikana, na waliouza wanajulikana.

Ikiwa ni lazima mwenziwe atafutwe Uyunani, afadhali atafutwe miongoni mwa wahusika wadogo wa visasili vya mavuno. Kwa mujibu wa Maktaba inayonasibishwa na Apollodorus, Ino, mama wa kambo wa Phrixos, aliwashawishi wanawake wazikaange mbegu kwa siri. Ardhi ilipokosa kutoa nafaka, aliwashawishi pia wajumbe waliotumwa Delphi waseme kwamba njaa itakoma Phrixos akitolewa kafara. Wananchi wakamshurutisha mfalme Athamas ampeleke mwanawe madhabahuni. Hapa umati upo, ramli ipo, na mzazi anayekubali yupo. Hata hivyo Phrixos alinyakuliwa kwa wakati na mama yake, Nephele, ambaye jina lake lina maana ya wingu. Wanjiru hakunyakuliwa na mtu.

Vivyo hivyo Oganda, katika hadithi ya Grace Ogot iliyomo katika mkusanyiko wa mwaka 1968, Land Without Thunder, anaokolewa na mpenzi wake kabla ya kuingia ziwani, na mvua inanyesha hata hivyo. Ogot ameitenga mvua na kafara, na msomaji anapumua. Ngano ya Wanjiru haitoi nafuu hiyo: mvua imelipiwa, na imekuja. Kimaadili, ngano hii ndiyo ngumu zaidi.

Huenda ikadaiwa kwamba kisa cha namna hii kimepoteza hadhira yake. Mwihoko, upande wa Ruiru, ardhi hupimwa kwa ploti, na wengi ni wapangaji wanaonunua unga dukani. Jina lenyewe la mahali hapo, lenye maana ya tumaini kwa Kikuyu, halimlazimu mtu kutazama mawingu. Lakini hadhira hiyohiyo inawafahamu vyema mbuzi wa mahari, hata pale wanapohesabiwa kwa fedha. Ingekuwa Wanjiru ni kisasili cha mazao tu, angezeeka pamoja na jembe. Ni bei yake inayomweka hai.

Kijana shujaa aliyempenda anazama mahali palepale, anafuata njia ya chini, na kumbeba usiku hadi kwa mama yake, ambaye anamlisha mafuta na kumvika ngozi mpya. Siku ya ngoma jamaa wanamtambua, wanamlilia. Shujaa anawafukuza kwanza. Baadaye moyo wake unalegea, naye analipa mahari kama ilivyo desturi. Wahakiki wengi huuita mwisho huo upatanisho. Walakini jamaa walewale sasa wamelipwa mara mbili kwa msichana mmoja, na fanani hasemi kwamba hata mbuzi mmoja alirudishwa.