Moto wa Juu

Mama mmoja, mayu kwa Kisukuma, hana oveni. Ana jiko la mkaa, sufuria nzito iliyosubiwa na mafundi wa vyuma chakavu, koleo, na kipande cha bati alichokikunja kingo zake kuelekea juu ili makaa yasidondoke. Kwa vifaa hivyo vinne, uani kwake Bariadi, anaoka matunda yaliyofunikwa kwa mkate. Nimekwenda mara tatu kumtazama, na kila mara nimerudi nyumbani nikijiona sijawahi kupika.

"Mwadila mayu," nilimwamkia, nikavuta kigoda. Alikuwa anatoa kokwa za zambarau, vidole vimeshageuka rangi. Ilikuwa Desemba, mvua zinanyesha, watoto wanaziokota chini ya mti na kuzileta kwenye bakuli la plastiki. Hatumii kisu. Anaibana zambarau kati ya kidole gumba na cha shahada, kokwa inaruka upande, nyama inabaki. Matufaa ni ya kununua, yale ya Afrika Kusini yenye kibandiko kidogo ubavuni. Hayamenyi, anayakata vipande vya unene wa kidole, kwa sababu vyembamba vinageuka rojo kabla mkate haujaiva. Sukari anaitia kwa mkono mwepesi. Juu yake anachuja maji ya ukwaju, ule ule wa kupikia uji, maana zambarau inakaba ulimi na tufaa la dukani ni tamu bila ukali. Mwisho kijiko cha unga wa muhogo, ili mchuzi wa matunda ushikane.

Donge lenyewe halina siri kubwa: unga wa ngano, chumvi kidogo, samli ya kienyeji anayoisugua ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ufanane na chenga, magadi soda na mtindi. Mtindi una uchachu, magadi yanaukuta, hewa inazaliwa. Ndiyo maana haukandi kama wa chapati. Anauchanganya kwa mwiko mara chache tu na kuuacha na mabonge yake. Nilipotaka kumsaidia kuulainisha, alinisogezea bakuli la matufaa yaliyobaki. Nilielewa.

Ufundi hasa unaanzia hapa. Matunda hutangulia motoni peke yake mpaka yachemke na kutoa povu la zambarau. Ndipo anapodondosha donge juu yake, kijiko kwa kijiko, akiacha nafasi za mvuke kupumulia. Donge likiwekwa juu ya matunda baridi, tumbo lake hubaki bichi hata kama uso umeshakuwa mwekundu. Likikuta mchuzi unachemka, linaanza kuiva kwa chini papo hapo.

Kisha anapalia. Anafunika bati, anachota makaa jikoni na kuyapanga juu yake, mengi pembezoni, machache katikati. Chini yanabaki ya kiganja kimoja tu. Nyumbani kwangu niliwahi kugawa makaa nusu kwa nusu, nikidhani ndiyo haki. Sukari iliteremka chini, ikaungua ikashika sufuria kama lami, na mkate juu ulikuwa mweupe kama mgonjwa. Ilinichukua siku mbili kuikwangua ile sufuria.

Wamarekani wana jina la chakula hiki, kobla, na leo wanakipika kwenye oveni za umeme. Lakini katika karne ya 19, wale waliohamia magharibi na mikokoteni ya ng'ombe walikipika kwenye chungu cha chuma chenye miguu mitatu na mfuniko wa kingo zilizoinuka, makaa chini, makaa juu. Kwa hiyo lile bati lililokunjwa la Bariadi ni ndugu wa mfuniko ule. Na watu wa pwani, Tanga hadi Lamu, wamekuwa wakipalia mkate wa kumimina bila kumuuliza Mmarekani yeyote. Oveni ndiyo mgeni katika hadithi hii.

Mkaa wenyewe haupotezwi. Huku miti iliwahi kukatwa vibaya sana. Bariadi ilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, mkoani humo ndiko mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulikoanza mwaka 1986 kuhimiza watu warudishe ngitili, yale maeneo ya malisho ambayo Wasukuma huyafunga ili majani na miti vipumzike. Mayu hazungumzii miradi. Ila nimeona sufuria ya maharage ikisubiri pembeni ichukue makaa yakishashushwa kwenye bati, na nimeona anavyookota hata kipande cha ukubwa wa punje ya hindi.

Saa haangalii. Anachambua mchele kwenye ungo huku sikio likiwa kwenye sufuria. Mwanzoni mchuzi unatoa sauti ya haraka, nyembamba, kama mvua juu ya majani. Baada ya muda inapungua na kuwa nzito: pu... kimya... pu. Hapo ameshajua unga wa muhogo umefanya kazi yake. Anapitisha kiganja juu ya bati, anapuliza makaa ya upande mmoja, anazungusha sufuria robo. Bado hafungui. Harufu ya samli inatoka kwanza, halafu inafuata ya mkate, na mimi huwa nadhani tayari. Anaendelea kuchambua mchele.

Alipoinuka hatimaye, alilishika bati kwa koleo na kuliinamisha kuelekea nje, taratibu, ili jivu lisirudi ndani. Mabonge ya mkate yalikuwa na rangi ya asali, na katikati yake zambarau zilikuwa zimepenya na kutia madoa ya wino. Chembe moja ya jivu ilikuwa imetua juu. Akaiondoa kwa ncha ya ukucha, akamimina mtindi wa baridi kwenye bakuli langu, akanipa kijiko.