Heko kwa Walimu wa Njia ya Pili

Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliwafungulia tena milango ya shule wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito. Lakini si kila mama kijana anaweza kurudi kwenye dawati la zamani: mtoto ananyonya, nauli hakuna, macho ya watu yanachoma. Hapo ndipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1975, inapostahili heko. Kama njia ya pili kwa wasichana hawa, imepanga sekondari kwa miaka miwili: kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, cha tatu na cha nne mwaka unaofuata. Mtihani wa mwisho ni ule ule wa taifa, haukulegezwa. Na kwangu hiyo ndiyo heshima kubwa wanayopewa wanafunzi hawa.