Majuto Yasiyo na Mkosaji

Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisoma bungeni London taarifa kuhusu mateso ya enzi za Mau Mau. Wengi huikumbuka kama ushindi. Hebu tuisome kama maandishi.

Anakiri kwamba Wakenya waliteswa. Anasema serikali yake inajuta. Anatangaza pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228, gharama za kesi zikiwemo. Halafu, ngoja: anakana kwamba Uingereza inawajibika kisheria, na kuongeza kuwa malipo hayo si mfano kwa makoloni mengine. Waliotesa wanaitwa tu “utawala wa kikoloni”, kitu kilichokufa 1963. Yaani kosa lipo, pesa ipo, mkosaji hayupo.

Kati ya walioshtaki ni Ndiku Mutua na Paulo Nzili. Ukiyaita majina hayo sokoni Kwa Vonza, wanaume kadhaa watageuka. Wawili hao walieleza kwamba walihasiwa wakiwa kizuizini. Uingereza ilijitetea ati deni hilo lilirithiwa na Kenya huru. Jaji McCombe akakataa mwaka 2011. Mwaka uliofuata akakataa pia hoja kwamba muda umepita. Tukaamini sheria imevuka bahari. Lakini 2018, kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilitupwa na jaji mwingine: muda umepita. Bahari ni ileile, saa anaishika mwenye mahakama.

Ukambani, wazee wakiketi kusikiza kesi, hutaka kwanza mtu aseme kwa mdomo wake alichofanya. Habari ya mbuzi huja baadaye. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inatambua njia hizo mradi zisikiuke haki za watu. Sisemi wazee ni malaika. Kuna vikao ambapo mjane husemewa na shemeji, na hapo sheria za kimataifa zinatufaa kweli.

Ila tukizungumzia sheria ya kesho kana kwamba ni mzigo wa kushuka Mombasa tu, tunakosea. Na sisi tuna cha kupeleka. Swali la wazee, “ni nani alifanya?”, lingeibomoa taarifa ya Hague kwa dakika moja. Fidia bila jibu hilo ni malipo tu, na Mutua na Nzili hawakuwa wakidai mshahara.