Mount Gelai: Mfalme wa Reli ya Mita Moja

Jamani, injini ya mvuke Mount Gelai ni kubwa! Picha zake nimezitazama miaka na miaka, kumbe picha hazisemi kitu. Ukiingia Makumbusho ya Reli ya Nairobi inakujaa machoni: chuma cha rangi ya damu ya mzee, zaidi ya mita 31 kutoka pua hadi mkia, uzito wa tani 250 na ushei. Mzigo wote huo ulikimbia juu ya reli zilizoachana kwa mita moja tu! Boila yenyewe ina kipenyo cha zaidi ya mita mbili, yaani imeushinda upana wa njia yake maradufu.

Nambari yake ni 5918. Ni moja ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuvuta tani 1,200 kutoka pwani ya Mombasa na kuzipandisha hadi Nairobi. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyozishinda hizi kwa nguvu popote duniani.

Na majina je? Kila moja ilipewa jina la mlima. Gelai uko Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Lakini ndugu zangu wa Embu na Meru, sikieni hili: ya kwanza kabisa, nambari 5901, iliitwa Mount Kenya! Mlima wetu ndio uliowatangulia wenzake wote. Hiyo haipo tena. Zimebaki mbili tu, hii Gelai na 5930, Mount Shengena, na zote ziko hapo hapo makumbusho.

Usiishie kuitazama kwa mbali. Sogea kwenye magurudumu. Utaona kwamba ni kama injini mbili zilizogeuziana mgongo, na boila imening'inizwa katikati yao. Tangi la maji liko mbele, la mafuta nyuma. Kwa muundo huo, kila upande hujipinda peke yake kwenye kona, na jitu refu namna hii likapita bila kutoka njiani. Kisha panda chumba cha dereva. Mabomba, vali na mishikio imejaa ukuta mzima mbele ya tanuri lililochomwa kwa mafuta mazito, na dirishani boila inaenda, inaenda, haiishi!

Linalonisisimua kuliko yote ni kwamba chuma hiki kilifufuka. Huduma yake iliisha enzi dizeli iliposhika reli, lakini baadaye mafundi wa Nairobi waliiwasha tena, na mwanzoni mwa karne hii ikavuta treni za watalii na wapenzi wa reli. Jirani yake, Nyaturu nambari 3020, iliyoundwa Glasgow, nayo iliwashwa.

Kwetu sisi, reli haikuwahi kufika Embu wala Meru. Ilipita upande wa pili wa Mlima Kenya: Sagana, Karatina, Naro Moru, hadi Nanyuki. Wa Embu tukashukia Sagana, wa Meru Nanyuki. Desemba 2020 treni ya abiria ilirudi kwenye njia hiyo, ikivutwa na dizeli. Gelai ni nzito mno kwa reli za huko, lakini Nyaturu ni nyepesi. Shirika la Reli, tunawaomba: iwasheni Nyaturu, mtuletee moshi hadi Nanyuki walau siku moja kwa mwaka. Tutajaza mabehewa yote!

Nawe msomaji, usingoje siku hiyo. Panda matatu ya asubuhi, peleka watoto, na ukifika Nairobi anza na Mount Gelai. Hakuna mashine nzuri kuliko hii katika Kenya nzima.