Chapa ya Kiwanda na Historia ya Bunduki

Wako wakusanyaji wa bunduki za kale ambao huisoma chapa ya kiwanda kama mwanachuoni asomavyo hati. Hatuwabezi. Bunduki ya Kijerumani ya Mauser, ya muundo wa 1871, huonyesha kwenye chuma chake taji, jina la kiwanda kama vile Spandau, Danzig au Amberg, mwaka ilipotengenezwa, na namba yake. Namba hiyo ikilingana na zile zilizopigwa kwenye sehemu nyingine, twapata ushahidi kwamba silaha haikuungwa kwa vipande vya nyingine.

Lakini chapa husimulia kuzaliwa tu, haisimulii maisha. Utawala wa Kijerumani ulizileta bunduki za aina hiyo katika nchi yetu, zikakabidhiwa askari Waafrika, na katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, zikaelekezwa kwa wananchi. Mwaka 1914 askari wengi walikuwa wangali wakizitumia, na moshi mzito wa baruti yake ukawafichua mbele ya adui. Hayo hayakuandikwa Spandau.

Hapa ndipo tunapoiona kasoro. Mkusanyaji athaminiye chapa peke yake husugua kitako cha mbao mpaka alama za mikono na visu zikatoweka. Hudhani anaondoa uchafu, kumbe anafuta ukurasa.

Mwalimu awapelekapo wanafunzi kwenye makumbusho, na awaulize: nani aliitengeneza bunduki hii? Kisha: nani aliibeba, na dhidi ya nani? Swali la kwanza bila la pili ni nusu ya elimu.