Fanani wa Mkandani

Maduka ya kuazimisha kanda za video mjini Songea, ambayo tuliyaita laibrari, yamekwisha. Moja nililolijua Lizaboni sasa linaingiza muvi kwenye simu na flashi. Cha ajabu, umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli na mgao. Ulifika laibrari zikikata roho.

Kwani hasara iko wapi? Jamaa zangu darasani husema muvi zenyewe zipo. Ni kweli. First Blood ya 1982 na Commando ya 1985 hazitapotea eti kwa kuwa duka la Songea limefungwa; Wamarekani wenyewe wanazo. Kisichopatikana kwao ni sauti ya Kiswahili iliyotiwa juu yake.

Aliyevuma zaidi kwa kazi hiyo ni Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu, wa Dar es Salaam. Watu humwita mtafsiri. Mimi nadai jina hilo halimtoshi, wala haliwatoshi wenzake. Mtu mmoja anasema maneno ya wahusika wote, steringi na adui, bibi na mjukuu. Sauti ya muvi hushushwa anapozungumza, hupandishwa risasi zikianza. Katika mkanda mmoja wa Kihindi niliouazima, mtafsiri (si Lufufu huyu) anatuambia kwamba mama atamkana mwanawe, kabla mama hajafungua mdomo. Kwa kipimo cha tafsiri hilo ni kosa. Kwa kipimo cha masimulizi ndiyo kazi yenyewe: anaitayarisha hadhira, kisha ananyamaza na kuwaachia machozi nafasi. Baadaye anarudi kumsuta mama yule kama jirani wa mtaani.

Mulokozi, alipoainisha tanzu za fasihi simulizi katika Mulika 21 (1989), alizingatia pia muktadha na namna ya uwasilishaji. Kwa kigezo hicho huyu ni fanani kamili, ila hadhira yake haiko mbele yake. Iko kibandani, na kibandani watu humjibu, humzomea, humtangulia. Majibu hayo mkanda hauyabebi. Kwa hiyo hata tukihifadhi kanda zote, sehemu kubwa ya utendaji imeshatuponyoka.

Na hizo kanda nani anazihifadhi? Uchunguzi wa maana ninaoufahamu ni wa Birgit Englert wa Vienna, na wa Matthias Krings wa Mainz katika African Appropriations (2015). Wote kwa Kiingereza! Sisi wenye lugha tunachambua riwaya zilezile kila mwaka.

Kikwazo kipo, tena si kidogo. Sauti hizi zilitiwa juu ya nakala zisizo na ruhusa, na tangu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 maktaba yoyote ina haki ya kuogopa kuzipokea. Lakini picha ni mali ya mwingine, masimulizi ni ya aliyeyasimulia. Walio hai waombwe ruhusa, sauti yao inakiliwe peke yake, na iandikwe imetoka mkanda upi, mji gani.

Jambo hili halingoji. Mkanda wa sumaku hufifia na kushika ukungu, hasa katika mji wa mvua kama Songea. Deki nzima ya VHS nayo haipatikani kirahisi siku hizi. Idara yetu ianze kwa kuitafuta hiyo.