Umechora Kitenge

Kazi ninayotaka kuihakiki hapa ni yangu mwenyewe, kwa hiyo msomaji usitegemee huruma. Ni majalada sita ya vitabu vya hadithi, niliyoyachora katika mwaka wa pili wa masomo yangu ya usanifu wa grafiki. Mwalimu aliyapa alama 82. Yalitundikwa kwenye korido ya chuo muhula mzima, na mimi, nisiseme uongo, nilikuwa napita korido ile hata siku ambazo sina kipindi upande huo.

Zoezi lilikuwa hivi: chukua kitu kimoja cha nyumbani kwenu, kisome kwa jicho la msanifu, kisha kizae majalada. Nikachukua kanga ya marehemu bibi. Ya zamani, nyekundu iliyokwisha kufifia na nyeusi, pindo la korosho pande zote nne. Kwa kuwa kanga ina kama sentimeta 150 kwa 110, niliipitisha kwenye skana kipande kwa kipande, nikaja kuiunga kwenye kompyuta usiku kucha. Korosho zikawa pambo la kushoto la kila jalada. Mji nikaukuza mpaka ukawa maumbo makubwa yasiyotambulika. Jina nikalifuta.

Nilikuwa na sababu, tena nilizitetea mbele ya darasa bila haya. Nilisema jina linabana mji. Nilisema limekaa katikati kama kibao cha duka. Nilisema herufi zake ni kubwa tupu, hazina mpangilio. Mahali pake nikaweka kichwa cha kitabu, kushoto juu, kwa Helvetica. Herufi hizo zilitolewa Uswisi mwaka 1957, na hilo jina la Helvetica walilopewa baadaye, mwaka 1960, limetokana na jina la Kilatini la nchi hiyohiyo. Yaani, bwana, niliivua kanga ya bibi jina lake nikaivika jina la Uswisi, na darasa zima likapiga makofi.

Sisemi elimu niliyopewa ni mbovu, la hasha. Ila ilinifikia nusu. Tulifundishwa kwamba kupanga maneno katikati ya ukurasa ni uvivu, na aliyenukuliwa kila mara ni Jan Tschichold, ambaye kitabu chake cha mwaka 1928 kilitangaza upangaji mpya wa herufi na kuupiga vita mtindo wa kusawazisha pande mbili. Sawa. Lakini hakuna aliyetumalizia hadithi. Mzee huyohuyo baadaye alibadili msimamo, na alipokwenda Uingereza kusimamia vitabu vya Penguin, 1947 hadi 1949, aliyarudisha maneno palepale katikati. Nililigundua hilo peke yangu maktabani, alama 82 zikiwa zimeshaingia kwenye rekodi.

Aliyenirudisha shule hasa ni shangazi. Anauza kanga Kariakoo na hajawahi kukaa darasa la sanaa hata siku moja. Likizo ilipofika nikampelekea majalada mawili, kwa maringo. Akayageuza nyuma, akayarudisha mbele.

“Hii ni kanga ya mama.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Jina lake liko wapi?”

Nikaanza kumweleza habari za nafasi tupu na utulivu wa ukurasa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanirudishia makaratasi yangu.

“Mwanangu, umechora kitenge.”

Kwa asiyejua uzito wa neno hilo: kitenge ni kitambaa kizuri, hakina kosa lolote. Lakini hakina jina, wala pindo la kukizunguka pande zote, na unaweza kukikata kwa mita unavyotaka. Kanga haikatwi hovyo. Ina pindo, ina mji, ina jina, nayo huuzwa kwa doti, mbili mbili.

Shuleni tulikaririshwa fani na maudhui mpaka tukaviota, ila hakuna aliyetuambia tuvijaribu kwenye nguo. Nilipoirudia kanga ile kwa macho ya fasihi, niliona kwamba karibu kila nililolitetea darasani lilikuwa upofu. Jina ni mstari mmoja wa herufi kubwa, hauna nukta wala mtunzi. Anayeivaa halioni, maana likishafungwa kiunoni linakaa nyuma yake. Msomaji wake ni anayekuja nyuma, hatua tano au kumi, na wote wawili wanatembea. Ndiyo maana herufi ni nene, pana na hazina madoido. Mimi nilizihukumu kana kwamba zimepangwa kwa ajili ya meza. Zilipangwa kwa ajili ya njia.

Kuna na lingine, nalo ndilo kubwa zaidi kwangu. Mwanamke akipita mbele ya jirani yake na jina kali mgongoni, akaulizwa ana maana gani, atajibu: mi nimependa rangi tu. Na kweli rangi ni nzuri! Uzuri wa mji na pindo ndio unaompa nafasi ya kusema na hapohapo kukana. Kwa mtazamo wangu, nakshi ya kanga si pambo. Ni kisingizio. Nilipofuta jina nikabakiza nakshi, nilibakiza kisingizio kisicho na kosa la kufichwa.

Mwaka 1930, huko London, Beatrice Warde alitoa hotuba ambayo hadi leo wanafunzi wa fani yetu hupewa waisome. Aliufananisha upigaji chapa mzuri na bilauri ya kioo safi, inayokuonyesha mvinyo bila kujionyesha yenyewe. Nilidhani kanga ni kinyume cha bilauri hiyo. Sasa naona herufi za kanga zingemridhisha mama yule: hazijionyeshi hata kidogo. Kinachomshinda ni kwamba bilauri hii imewekwa katikati ya ngoma, na bila ngoma hakuna wa kuinywa.

Atakayenipinga atanitajia kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi, kwamba visutu vingi havina jina na bado ni kanga ya heshima kuliko zote. Nakubali. Lakini kisutu kinajulikana na kila mtu tangu zamani, kikitandazwa tu kimeshasema. Kanga ya bibi haikuwa kisutu, na majalada yangu hayajulikani na yeyote.

Wala si mimi peke yangu. Siku hizi pindo la kanga limebandikwa kwenye vikombe, mikoba na kadi za mialiko, na mara nyingi maneno yamefutwa, eti ili kazi ionekane safi. Tunaita hiyo asili yetu. Tukija kwenye maneno tunaona haya, kama vile ni mambo ya akina mama wa uswahilini, wakati ukweli ni kwamba hayo ndiyo maandishi ya Kiswahili yaliyotembea barabarani kwa zaidi ya miaka mia. Ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, za Kirumi zikafuata, na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, hutajwa miongoni mwa walioanza kuweka methali kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Kanga za nyumba hiyo huwa na maandishi madogo pembeni: K.H.E. – MALI YA ABDULLA. Sisi waandishi wachanga tunaohangaika na wachapishaji tungeliona hilo mapema, kwamba kanga ina hata alama ya mchapishaji wake.

Jina nililolifuta lilikuwa WAGOMBANAO NDIO WAPATANAO. Nilikuwa nimelisoma, nikaona ni methali tu. Shangazi ndiye aliyeniambia ilikotoka. Bibi na mke mwenzie walikaa hawasemezani tangu masika mpaka Idi, kwa jambo ambalo shangazi alikataa kunitajia. Siku ya Idi mwenzie akamtuma mtoto na doti ile, bila salamu. Bibi aliitazama, akaikunja, akaiweka. Jioni akaivaa, akapita taratibu mbele ya mlango wa mwenzie, akaenda mpaka kisimani, akarudi na ndoo. Hakuna aliyefungua mdomo. Kesho yake walipika pamoja. Mtoto aliyetumwa ni shangazi.

Sasa narudia kazi ile upya, safari hii bila kupewa zoezi na mtu. Natengeneza herufi kamili kutokana na kanga hiyo, nikizinakili kwa mkono kwenye karatasi ya mraba. Jina lina A saba, na kwa kuwa aliyezichora alizichora kwa mkono, hakuna mbili zinazofanana sawasawa. Ya mwisho imeegemea kidogo, kama mtu aliyefika pindoni akakuta nafasi imekwisha. Nimeamua kuzichukua zote saba. Jina lenyewe limenipa herufi kumi na moja. Maandishi madogo ya pembeni, maana bibi naye alikuwa mteja wa Abdulla, yameniongezea sita: K, H, E, L, Y na U. Zimechakaa kwa kufuliwa, na E nimeichungulia kwa lenzi.

Bado C, F, J, R, S, V na Z. Ningeweza kuzibuni, na kompyuta ingenisaidia kwa dakika chache. Shangazi anasema ana sanduku zima la kanga za rika hilo, ila hatanipa niondoke nazo. Nije Jumamosi, anasema, nikae, nisome moja moja, na nikimaliza kusoma ndipo nitoe penseli.